Filta ya polaraiza ya milimita 67: thamani yake kwa anayejua kwa nini anga ni la buluu

Wapiga picha wengi wa mandhari hununua filta ya polaraiza, yaani kioo cha kuchuja mwanga kinachofungwa mbele ya lenzi, baada ya kuona picha za wenzao zenye anga lililokolea buluu na mawingu meupe yaliyojitokeza wazi. Baadhi yao huishia kuiweka kabatini wakilalamika kwamba leo inafanya kazi na kesho haifanyi. Filta ninayoitathmini hapa ina kipenyo cha milimita 67 na herufi CPL (kifupi cha Kiingereza cha filta ya polaraiza ya duara) zimechongwa ukingoni mwake. Niliinunua Kariakoo kwa bei isiyofika shilingi laki moja, na baada ya kuitumia vya kutosha ninaipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti kwamba mnunuzi aelewe kwanza buluu ya anga inatoka wapi. Asipoelewa hilo, atailaumu filta kwa mambo yanayotokana na mahali jua lilipo.

Mwanga wa jua una rangi zote zinazoonekana katika upinde wa mvua. Unapoingia katika hewa hukutana na molekuli za naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 hivi ya hewa kavu, na za oksijeni, ambayo ni asilimia 21, nazo ni ndogo mno zikilinganishwa na urefu wa wimbi la mwanga. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza John William Strutt, ambaye wengi wanamjua kama Lord Rayleigh, alionyesha kwamba vitu vidogo kiasi hicho hutawanya mawimbi mafupi kwa nguvu kubwa kuliko marefu, na kwamba tofauti hiyo hufuata kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Ukilinganisha buluu ya nanomita 450 na nyekundu ya nanomita 700, utaona kwamba buluu hutawanywa karibu mara sita zaidi, na ndiyo maana ukiangalia upande wowote usio na jua, mwanga unaokufikia ni ule uliotawanywa, na buluu ndiyo inayotawala. Urujuani hutawanywa zaidi hata ya buluu, lakini jua hutoa kidogo cha rangi hiyo, na jicho la binadamu haliioni vizuri.

Filta yenyewe inategemea jambo la pili, ambalo halisemwi mara nyingi. Mwanga unaotoka moja kwa moja juani hutetema kuelekea pande zote, lakini ukishatawanywa na molekuli za hewa kwa pembe ya nyuzi 90, mtetemo wake kwa sehemu kubwa hubaki wa mwelekeo mmoja. Mfaransa François Arago aliligundua hilo katika mwanga wa anga mwaka 1809, miaka mingi kabla ya sababu yake kueleweka. Filta hupitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja na kuuzuia ule unaoukatiza, kwa hiyo ukiizungusha pete yake polepole, anga linakuwa jeusijeusi huku wingu likibaki na weupe wake. Wingu haliguswi sana kwa sababu matone yake ya maji ni makubwa kuliko wimbi la mwanga, hutawanya rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana, na mwanga hupita katika matone mengi kabla ya kutoka, hivyo mitetemo yake huwa imekwisha kuchanganyika. Filta nzuri haipaki rangi yoyote. Kazi yake ni kupunguza mwanga wa anga na kuliacha wingu.

Hapa ndipo elimu hiyo inapolipa. Nenda ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, asubuhi, jua likiwa limechomoza baharini upande wa mashariki. Ukielekeza kamera baharini, zungusha filta utakavyo, anga halibadiliki kwa maana. Geuka kaskazini, upande wa Ununio, uzungushe tena: tanga jeupe la ngalawa linajitenga na anga nyuma yake, na buluu inashuka hadi karibu na ile ya wino. Kusini ni vivyo hivyo, na juu ya utosi pia, kwa sababu sehemu zote hizo ziko kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Njia rahisi ya kuupata ukanda huo ni kukiweka kidole gumba na cha shahada katika pembe mraba, kukielekeza cha shahada kwenye jua, kisha kuuzungusha mkono. Kidole gumba kitapita kwenye ukanda wenyewe.

Saa sita mchana hali ni nyingine kabisa. Mapema Machi na mapema Oktoba jua hupita karibu na utosi wa Dar es Salaam, na ukanda huo hushuka hadi kwenye upeo wa macho pande zote. Huko chini hewa ni nene na ukungu wa bahari ni mwingi, mwanga umetawanywa mara nyingi, na mtetemo umevurugika. Mtu anayepiga picha wakati huo ataona mabadiliko kidogo sana, na hakuna filta ya bei yoyote itakayomsaidia.

Kasoro zake zipo. Inakula mwanga kiasi kwamba kasi ya kamera inashuka, kwa hiyo ndani ya ukumbi wa harusi iondoe. Kwenye lenzi pana sana huacha utepe mweusi katikati ya anga, nalo si kosa la kiwanda, bali ni ukanda uleule unaoonekana wote kwa pamoja. Inaweza pia kuufuta upinde wa mvua usipokuwa makini, kwa kuwa mwanga wake nao una mtetemo wa mwelekeo mmoja. Kwa upande mwingine, huondoa mng'ao juu ya maji kupwa mpaka matumbawe yakaonekana, na hupunguza mng'ao wa jasho usoni, jambo ambalo wapiga picha wa nje watalithamini.

Kioo cha hii niliyo nayo hakiachi rangi ya manjano kwenye picha, na pete yake inazunguka kwa ulaini hata chumvi ya bahari ikiigusa, mradi ifutwe mapema. Filta bandia zipo nyingi sokoni, kwa hiyo ijaribu dukani kabla ya kulipa. Washa skrini nyeupe ya kompyuta, elekeza upande wa mbele wa filta kwenye skrini ukitazama kupitia upande wa skrubu, kisha izungushe. Skrini nyingi zenyewe hutoa mwanga wa mtetemo mmoja, hivyo lazima ufike mahali inapokaribia kuwa nyeusi tii. Isipobadilika hata kidogo, jaribu skrini nyingine, na matokeo yakiwa yaleyale, umeshika kioo cha kawaida. Mwenye lenzi kadhaa anunue filta ya kipenyo cha ile kubwa kuliko zote, kisha apate pete za kuunganishia kwa zile ndogo, ambazo bei yake ni nafuu sana kuliko ya filta ya pili.