Semina ya rangi za haiba ghalani Mtwara: nilianza na nyota mbili

Wakuu, nayaandika haya hasira ikiwa bado ya moto. Kampuni moja ya mafunzo ilikuja kwenye ghala letu la korosho hapa Mtwara, kabla msimu haujachanganya, kutupima haiba ili eti tujuane na tufanye kazi kwa pamoja. Ukumbi ulikuwa mzuri, vitumbua vilikuja vya moto, posho ilisainiwa bila kuzungushana. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jibu moja alilopewa mama mmoja mpimaji unyevu, na kila nikilikumbuka natamani kupunguza nyota.

Dodoso lao lilikuwa na sentensi 40, kumi kwa kila rangi. Nyekundu ni watu wa amri na haraka, Njano wachangamfu, Kijani wapole wasiotaka vurugu, Bluu wenye umakini. Unajipa alama kuanzia 1, yaani sivyo kabisa, hadi 5, ndivyo hasa. Unajumlisha, na rangi yenye jumla kubwa ndiyo unayopewa. Sasa, kati ya zile kumi za Bluu, nne zilikuwa zimegeuzwa: "Huwa naacha vitu vyangu ovyo", "Huwa nasahau kurudisha kifaa mahali pake", na nyingine za aina hiyo. Mtu makini anazikataa, anajipa 1. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, sentensi za namna hiyo lazima uzigeuze alama: unachukua 6, unatoa alama aliyojipa mtu. Moja inakuwa 5, mbili inakuwa 4, tatu inabaki tatu. Ni hesabu ya darasa la tatu. Karatasi yao ya kujumlishia haikuwa na hatua hiyo kabisa.

Mama akanyoosha mkono. Huyu ni mtu anayeshinda na bambo, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, na kipima unyevu, namba ikikaa vibaya anaiona kabla hujaimaliza kuiandika. Akauliza kwa adabu: "Mwanangu, hapa nimesema siachi vitu ovyo. Mbona kutoacha vitu ovyo kumenipunguzia alama?" Mwezeshaji hakuitazama hata karatasi. Akajibu kwenye maikrofoni: "Wewe wa Kijani, ndivyo mlivyo. Kijani hampendi mabadiliko, mnang'ang'ania vitu vidogo vidogo." Ukumbi ukacheka. Mama akakaa, hakuuliza tena.

Wewe wa Kijani! Mtu wa kupewa shikamoo, aliyemwita yeye mwanangu, anajibiwa kwa jina la rangi mbele ya vijana anaowafundisha kazi.

Tuje kwenye hesabu, maana alichouliza kilikuwa sahihi kuliko slaidi zote za siku ile. Sentensi zake sita za kawaida za Bluu alijipa 5, 5, 4, 5, 5, 4, jumla 28. Zile nne zilizogeuzwa alijipa 1, 1, 2, 1. Wao wakaongeza 5 juu ya 28, wakapata 33. Kijani, ambayo haikuwa na sentensi hata moja iliyogeuzwa, alipata 38, na kwa hiyo wakamwita Kijani. Ukigeuza inavyotakiwa, zile nne zinakuwa 5, 5, 4, 5, yaani 19, na Bluu yake inafika 47. Ameipita Kijani kwa alama tisa. Ni sawasawa na kupima magunia kwa mzani ambao haujarudishwa sifuri, halafu unamgombeza mkulima anayeuliza.

Na si yeye peke yake. Kosa hilo linaminya Bluu ya kila mtu makini pale ukumbini, maana kadiri unavyojijibu kwa uaminifu ndivyo alama zako zinavyokulana zenyewe kwa zenyewe. Watu makini wote wanasogezwa katikati, wanaangukia rangi nyingine. Kinachoudhi zaidi ni kwamba umakini ndio upande wa haiba unaoaminika zaidi katika mambo ya kazi. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia wakazijumlisha, wakakuta katika zile sifa kuu tano ambazo wanasaikolojia huzitumia kuielezea haiba, umakini ndio uliohusiana na utendaji mzuri katika kazi za aina zote walizoangalia. Sasa wewe umekuja na dodoso linaloharibu kipimo hicho hicho, halafu unalipwa.

Kwa nini sentensi zigeuzwe? Ni kwa sababu ya watu wa ndiyo. Meneja amekaa mstari wa mbele, karatasi ina jina lako juu, kibarua anatafuta kazi ya msimu: ataandika 4 kila mahali ili asiudhi mtu. Usipogeuza, mtu huyo anapata 40 kwenye Bluu na anaonekana malaika. Ukigeuza, zile sita zinampa 24 na zile nne zinampa 8, jumla 32, na unajua kwamba hapo hujapima kitu, umepima woga. Kwa hiyo kuweka sentensi za kugeuza ni jambo jema. Kuziweka na kusahau kuzigeuza ni afadhali usingeziweka. Na wale wasiosoma vizuri walisomewa maswali na msimamizi wao mwenyewe. Nani atamwambia msimamizi wake kwamba huwa anachoka na amri?

Nikiwa mkweli, nadharia yenyewe haina ubaya mkubwa. Tabia nne za namna hii zina mizizi kwa William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyechapisha mawazo yake mwaka 1928. Marston hakutunga dodoso lolote la kuzipimia. Madodoso yalitungwa na wengine baadaye, na rangi zikaja juu yake, ndiyo maana yako mengi sokoni, mazuri na ya hovyo. Kama chombo cha kufungulia mazungumzo yanafaa. Kama hukumu, hayafai.

Mwezeshaji yeye alitaka hukumu. Alisoma maelezo ya kila rangi kwa sauti, kisha anauliza, "Si kweli?" Ukumbi unaitika, "Kweliii!" Alifurahi sana, akidhani ndio ushahidi. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akiamini ni yake peke yake, kumbe wote wamepewa karatasi ile ile. Wakaipa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. "Unapenda kuheshimiwa, lakini wakati mwingine unajitilia shaka." Nani hapo Mtwara hapendi kuheshimiwa? Ukitaka kumjaribu muuza dodoso, mwombe akusomee maelezo ya rangi isiyo yako bila kukuambia. Ukiitika kweli na hiyo, funga mkoba.

Halafu kuna hii ya kutumia rangi kumnyamazisha mtu. Anayeuliza ni Kijani anayeogopa mabadiliko. Akiuliza kwa ukali ni Nyekundu, akidai hesabu ni Bluu, akitania ni Njano. Hakuna swali litakaloruhusiwa kuwa swali tu. Kwa mtindo huo mwezeshaji hawezi kukosea maisha yake yote.

Baada ya chai wakabandika bango kitita ukutani: majina yetu, kila jina na rangi yake kwa maka. Meneja akalipiga picha. Hapo ndipo nilipoona mambo yanakwenda kombo kwelikweli, kwa sababu mwanzoni tuliambiwa ni ya kutusaidia kuelewana tu, na wiki chache baadaye nikasikia mtu akisemwa kwamba hawezi kusimama getini msimuni kwa kuwa ni Kijani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu 2023, na ina Tume yake. Taarifa za mtu zikikusanywa kwa lengo moja, huzibebi kwenda kuzitumia kwa jingine, na mwenyewe ana haki ya kuziona na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Mama ana 33 ambayo ni 47. Nani anairekebisha?

Na hiyo kesi ya getini, jamani. Ugomvi wa karani na mpimaji pale getini kwetu hausababishwi na rangi ya mtu. Kipima unyevu ni kimoja. Malori yanaingia kwa mkupuo, madereva wanapiga honi, karani anataka aandike kilo aendelee. Mpimaji anachoma bambo gunia baada ya gunia, kwa sababu korosho mbichi ikipokelewa na unyevu mwingi itakauka ndani, kilo zitapungua, na unyaufu ule utamwangukia mtu siku ya kutoa mzigo. Tena korosho yenye maji ikirundikwa inapata joto na ukungu, na ubora unashuka. Muweke yeyote pale, wa rangi yoyote, na kifaa kimoja na malori manne, atachelewesha. Lee Ross aliliandika kosa hilo mwaka 1977: tunaona tendo, tunalisukumia kwenye tabia ya mtu, tunasahau mazingira yaliyomfunga. Kipima unyevu cha pili kingepunguza kelele kuliko semina hii.

Mchana sasa, haki yao niwape. Walituweka wawiliwawili, wenye kazi zinazogusana, na maswali matatu: nikiwa na haraka nahitaji nini kutoka kwako, nikinyamaza ina maana gani, kitu gani ukikifanya kinanivuruga. Karani na mama wakakaa pamoja. Wakatoka na makubaliano ya maandishi: kilo haiandikwi kitabuni kabla namba ya unyevu haijatajwa kwa sauti, na malori yakizidi mawili karani anatoa mtu mmoja wa kushika magunia wakati wa kuchoma bambo. Yanafanya kazi hadi leo. Kwa hilo nilikuwa nimewapa nyota mbili.

Lakini nikiwaza, maswali yale matatu hayakuhitaji rangi, wala dodoso, wala maikrofoni. Yangeulizwa chini ya mwembe bila ankara. Nyota moja naiondoa.

Mnaofikiria kuwaita watu wa namna hii, kabla ya kulipa mwombeni awaonyeshe karatasi ya kujumlishia. Tafuteni hatua ya 6 kutoa alama, na asipoijua mwonyesheni mlango. Mwambieni aandike kwamba matokeo hayatatumika kupanga vyeo, zamu wala nidhamu, na kwamba kila mtu atapewa yake mkononi, aamue mwenyewe kama amuonyeshe mwenzake. Meneja akae nje wakati watu wanajaza. Kama bajeti ni ndogo, yako madodoso ya sifa kuu tano yaliyo wazi kwa umma, kama lile la sentensi 50 la IPIP, hazina ya kimataifa ya sentensi za kupimia haiba, bure kabisa na ufunguo wake unaonyesha wazi zipi za kugeuza. Liwekeni kwa Kiswahili kinachoeleweka, mjaribu kwa watu wachache kwanza.

Na ninyi mliokuja kwetu, najua mtaisoma hii. Mmenitumia ujumbe kuuliza kama tunataka hatua ya pili. Karatasi zetu bado mnazo. Zirudisheni zote, hesabu ya Bluu ifanywe upya kwa kila mtu, na yule kijana aliyeshika maikrofoni apige simu kwa mama, aanze na shikamoo, amjibu swali lake. Nyota ya pili nitaifikiria baada ya hapo. Hii iliyobaki ni ya vitumbua.