Swichi iwakie kwenye flashi au kwenye seva ya TFTP?

Mafundi wenzangu hapa Dodoma huniuliza hili kila mara: swichi ya mtandao inapowaka, ichukue faili la mfumo wake kwenye flashi (kumbukumbu yake ya ndani) au kwenye seva ya TFTP (njia ya kutuma faili kupitia mtandao)? Kwa gharama, flashi inashinda: imo ndani ya swichi tayari. Seva inataka kompyuta inayowaka saa zote, na UPS (betri ya akiba) yake.

Kutegemewa ndiko kwenye uzito. Usiku mmoja umeme ulikatika katika ofisi fulani Area C. Uliporudi, swichi iliamka kabla ya seva, ikakosa faili la mfumo. Nilipochomeka kebo ya konsoli (ya kuongea na swichi moja kwa moja) nilikuta neno rommon tu, yaani mfumo haujapakiwa, na ofisi nzima haina mtandao. Tangu hapo, kwa swichi inayokubali, naandika mistari miwili ya boot system (amri inayoiambia swichi faili la mfumo liko wapi): TFTP kwanza, flashi chini yake. Hujaribiwa kwa mpangilio huo. Na tafadhali hifadhi usanidi kabla ya kuizima!

Kwa matunzo, seva inapendeza: swichi 40, faili moja la kubadilisha. Ila TFTP haina nywila, basi iweke kwenye VLAN ya usimamizi (sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa kazi za mafundi).

Una swichi moja au mbili dukani? Baki na flashi. Chuo chenye majengo mengi na fundi wa kudumu, seva itakuokolea siku nzima za kuzunguka.