Uzoefu wangu na Slack ya ofisini: nani mwingine anasoma DM zako?

Kwa kazi yenyewe naipa Slack, programu ya kuchati na kutumiana faili kazini, nyota nne. Ujumbe wa zamani unapatikana haraka, chaneli (vyumba vya mazungumzo) zinapangika vizuri, na simu yangu imepumua tangu mambo ya ofisi yatoke WhatsApp na kuhamia huko. Kwa faragha naipa mbili, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Kinachoponza watu ni ile alama ya kufuli. Ukiiona kwenye chaneli, au ukiwa unachati na mwenzako wawili tu (hizo ndizo DM), unajiona uko chemba. Ni kweli jirani wa dawati hasomi. Ila akaunti ni ya mwajiri, si yako. Ujumbe husimbwa ukiwa njiani na ukiwa umehifadhiwa, lakini si kwa namna ya WhatsApp au Signal, ambako wanaochati peke yao ndio wenye uwezo wa kuusoma.

Mengine yanategemea kifurushi cha Slack anachotumia mwajiri. Kwenye cha bure, kwa kawaida mwajiri hupakua chaneli za wazi tu. Akitaka za faragha lazima awe na msingi wa kisheria au ridhaa ya wahusika. Akipanda hadi Business+, kifurushi cha kulipia, anaweza kuomba apewe zana ya kupakua kila kitu, DM zikiwemo. Zamani wafanyakazi walikuwa wakiarifiwa uwezo huo ukiwashwa. Tangu mabadiliko ya 2018, kuwaambia au kunyamaza ni hiari ya mwajiri, labda sheria ya nchi imbane.

Usitegemee kufuta. Msimamizi anaweza kuchagua mfumo utunze hata maneno uliyoyahariri au kuyafuta. Kwako yametoweka, kumbe nakala ipo. (Microsoft Teams nayo ina sera za kuhifadhi za aina hiyo, kwa hiyo kuhama hakusaidii.)

Nilichokipenda: kuna ukurasa wa mipangilio ambao mfanyakazi yeyote anaweza kuufungua akaona ujumbe unatunzwa kwa muda gani na mwajiri ana ruhusa ya kupakua nini. Wa kwetu ulionyesha kwamba DM zinaweza kupakuliwa. Hakuna aliyewahi kututajia.

Kutajiwa ndilo jambo lenyewe. Katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, kuhusu mfanyakazi aliyefukuzwa baada ya mwajiri kufuatilia mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2017 kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo. Haikumkataza mwajiri kukagua. Ilitaka, pamoja na mengine, mfanyakazi ajulishwe mapema na ukaguzi usipitilize.

Siku hizi habari za mshahara, ugonjwa na kumteta bosi ziko kwenye simu yangu binafsi, kwa bando langu. Slack imebakiwa na faili, tarehe na “nimepokea”. Niliwauliza watu wa rasilimali watu ni nani hasa mwenye ruhusa ya kupakua DM zetu. Wakanijibu kwa swali: “Kwani umeandika nini?”