Mafunzo ya mkakati wa akili unde kwa viongozi, Kisumu: alama 61 kwa 100

Mwaliko ulisema Sh35,000 kwa kila mshiriki. Ankara ilipofika ikawa Sh40,600, kwa sababu VAT ya asilimia 16 ilikuwa imejibanza katika maandishi madogo chini ya ukurasa. Naanza na hilo kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi ya sacco moja hapa Kakamega, na kusoma maandishi madogo ndiyo kazi wanachama waliyotuchagulia. Kabla ya hapo nilifundisha hesabu shule za upili mpaka nikastaafu, kwa hiyo msishangae nikigawa alama.

Walioandaa ni kampuni ya washauri kutoka Nairobi. Jina silitaji, maana malalamiko yangu nimeshawaandikia wenyewe. Nia yangu ni ninyi wenzangu wa sacco, hospitali za misheni na vyama vya wakulima, mnaoletewa mialiko ya aina hii kila kukicha, mjue cha kudai kabla ya kutia sahihi hundi. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili katika hoteli moja ya Milimani. Kutoka kwetu tulikwenda wanne: mimi, meneja mkuu, kijana wetu wa kompyuta na karani wa mikopo. Huyo karani nilimpigania, kwa sababu bodi ilitaka nafasi yake apewe mkurugenzi.

Asubuhi ya kwanza mngeweza kuamkia Kakamega na kufika saa nne bila kupoteza kitu. Tuliambiwa ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali na kuandika kama mtu, ilitoka Novemba 2022, dunia ikabadilika, asiyepanda gari ataachwa. Picha za roboti zenye macho ya buluu. Nilimwona mkuu wa hospitali moja akijibu barua pepe zake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alama 3 kwa 20.

Kisha stima ikapotea, na hapo ndipo fedha zetu zilipoanza kurudi. Binti aliyekuwa akiendesha slaidi alikaa chini, akasimama mwenzake, mzee aliyewahi kufanya kazi benki, na kalamu ya wino na karatasi kubwa. Akaanza na kisa cha Air Canada. Abiria alifiwa na nyanya yake, akaiuliza programu ya maongezi kwenye tovuti ya shirika kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Programu ikamwambia anaweza kusafiri kwanza, kisha aombe kurudishiwa. Sera halisi ya shirika haikuruhusu hivyo. Alipodai, shirika likajitetea kwamba programu ile inawajibika yenyewe kwa majibu yake. Mnamo Februari 2024 baraza la maamuzi la British Columbia, Kanada, lilikataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe.

Hakuna mtu wa kwetu magharibi mwa Kenya anayehitaji kufafanuliwa nauli ya matanga. Ukumbi wote ulielewa papo hapo. Mzee akageuza swali: mwanachama wako wa Shinyalu akiuliza kwa simu anaweza kukopa mara ngapi ya akiba yake, mashine ikamwambia mara nne na kanuni zenu zinasema mara tatu, nani atasimama mbele yake kwenye mkutano mkuu wa mwaka? Meneja wetu aliandika swali hilo na kulipigia mstari. Mimi nilishajua jibu: atasimama yeye, na nyuma yake bodi.

Zoezi lililofuata ndilo ningelilipia hata peke yake. Tuligawiwa vikaratasi. Kila mtu aandike, bila jina, kazi ya ofisi ambayo tayari anaifanya kwa msaada wa programu hizi kwenye simu yake mwenyewe. Mameneja kadhaa walicheka wakasema kwao jambo hilo halijafika. Vikaratasi vikasomwa kwa sauti: barua ya kumwonya mfanyakazi, kumbukumbu za kikao cha bodi, ripoti ya robo mwaka, na kimoja kilichosema taarifa ya akaunti ya mwanachama hubandikwa nzima, jina na namba ya kitambulisho ndani yake, ifupishwe kabla kamati ya mikopo haijakaa.

Meneja mmoja akataka kujua ni nani aliyeandika hicho cha mwisho. Mzee akamjibu, "Mheshimiwa, ukimjua utamfukuza, na kesho waliobaki watajificha zaidi." Akakikunja akakitia mfukoni.

Hapo ndipo sheria ilipoingia, na iliingia mahali pake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibebesha sacco wajibu wa taarifa za wanachama. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Mzee akataja Samsung, ambayo mwaka 2023 iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya baadhi yao kubandika humo misimbo ya programu za kampuni, ambayo ni siri. Kampuni ya ukubwa ule iligundua baada ya mambo kutoka nje. Sisi wa ofisi mbili na tawi la Mumias tutagunduaje? Karani wangu wa mikopo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasema: "Tupeni njia halali ya kuifanya ile kazi, hatutatumia ya pembeni." Nilijua kwa nini nilimpigania.

Kila kundi likachora jedwali la safu nne: kazi yenyewe, taarifa za nani zinaguswa, nani anakagua kabla haijatoka, ikikosea nani anaumia na nani anajibu. Tulipomaliza, orodha yetu ndefu ilikuwa imepukutika. Barua za kawaida na rasimu za matangazo zilibaki. Kumbukumbu za bodi zilibaki, kwa sharti kwamba katibu anazisoma neno kwa neno. Uamuzi wa mkopo ulitoka kabisa, na si kwa hofu ya ushamba: kifungu cha 35 cha sheria ile ile kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Isitoshe, mashine haijui kwamba wadhamini wawili wa Mama Fulani hawasemezani tangu kesi ya shamba. Kamati ya mikopo inajua.

Tulijaribu pia lugha. Tangazo la gawio kwa Kiswahili lilitoka safi, ingawa lilisikika kama hotuba ya mkuu wa wilaya wa zamani. Nikaomba Kiluhya. Kilichotoka hakikuwa Kibukusu wala Kimaragoli, lakini kiliandikwa kwa ujasiri mkubwa. Meza yetu ilicheka mpaka meza ya jirani ikaja kuangalia. Alama 38 kwa 40 kwa mchana huo wote.

Siku ya pili sasa. Stima ilikuwa imerudi, kwa bahati mbaya. Binti alituonyesha Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi, iliyotangaza mwaka 2024 kwamba msaidizi wake wa akili unde anafanya kazi ya watu 700 wa huduma kwa wateja. Akaishia hapo. Kijana wetu wa kompyuta aliinua mkono akamaliza hadithi: mwaka 2025 mkuu wa kampuni hiyo hiyo alikiri ubora ulikuwa umeshuka, wakaanza tena kuajiri watu. Binti akasema, "Asante kwa mchango," akabonyeza slaidi inayofuata. Viongozi wakilishwa nusu ya hadithi, watarudi makwao kupunguza watu kwa kutumia nusu hiyo.

Na swali la ajira halikujibiwa kamwe. Karani mmoja kutoka Bungoma aliuliza wazi wafanyakazi waambiwe nini na waambiwe na nani. Akaahidiwa kwamba litaguswa baada ya chai. Chai ikanywewa, mandazi yakaisha.

Badala yake tulipewa "mkakati". Kijitabu chenye nafasi tupu za kuandika jina la shirika lako, dira na dhamira zimeshajazwa. Katika ukurasa mmoja walisahau kufuta neno "benki yetu". Wanachama wetu humo wanaitwa wateja. SASRA, mamlaka inayotusimamia sisi sacco tunaopokea akiba, haimo hata mara moja. Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025–2030 ulitajwa kwa sentensi moja ya kujipamba. Kijitabu hicho ni kama joho la mahafali la kukodi: kila mtu linamtosha na hakuna aliyeshonewa.

Saa ya mwisho ikawa mnada. Kumbe kampuni hiyo inauza pia mfumo wake, kwa ada ya mwaka. Sina ugomvi na biashara, lakini anayenifundisha kuchagua ng'ombe asiwe ndiye mwenye zizi, au basi aseme asubuhi. Hesabu waliyoikwepa niliifanya kwenye kitambaa cha karatasi: hata huduma ya kawaida ya dola 20 kwa mtu kwa mwezi, kwa wafanyakazi 30, ni dola 600. Kwa Sh129 kwa dola, hiyo ni Sh77,400 kila mwezi, na shilingi ikiyumba inapanda bila kikao cha bodi. Alama 8 kwa 25 kwa siku ya pili.

Chakula: 12 kwa 15. Ngege wa kukaanga alikuwa mzuri kuliko slaidi zote, ugali ukaja moto. Nimekata alama tatu kwa sababu maji ya chupa yaliongezwa kwenye bili ya chumba.

Jumla ni 61. Ukialikwa, omba ratiba kwa maandishi na uulize mambo mawili: kama wanauza mfumo wowote, na ni nani hasa atakayefundisha. Ukisikia ni yule mzee, lipa. Kijitabu tulikiacha kabatini; bodi yetu imepitisha jedwali la safu nne, ukurasa mmoja tu, likiwa na jina la mtu mbele ya kila kazi. Wakileta awamu ya pili, kamati yangu itaidhinisha nafasi moja, ya karani wa mikopo. Mkurugenzi anayetaka kwenda ajilipie, na VAT yake.