Gereji iliyonitolea thamostati bila kuniuliza

Springi walinifungia vizuri, hilo nalitoa mapema nisije nikaambiwa nina chuki. Sasa nisikilizeni.

Pikapu yangu ni ya dizeli, ya enzi ambazo injini haikuwa na kompyuta hata ya kuigiza. Ukiwa na spana, tochi na subira unaimaliza. Ndiyo maana naishikilia. Natengeneza kidogo kidogo, kitu kimoja pesa ikipatikana, kingine kinasubiri. Juzijuzi niliwekea taa kubwa rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme, umeme ukawa unatoka moja kwa moja kwenye betri badala ya kupita kwenye swichi na waya zilizochoka, na usiku barabara ikaonekana kama ya mtu mwingine. Kazi ya bei ndogo kabisa. Kwa hiyo sihitaji gereji yenye vigae na sofa. Nahitaji fundi anayesikiliza.

Niliipeleka kwa mambo mawili. Kwanza, kuongeza jani, yaani bapa la chuma, kwenye springi za nyuma, maana ikibeba mzigo ilikuwa inalala mpaka tairi linakwaruza bodi. Pili, waangalie kwa nini inachemsha ikipanda mlima polepole na mzigo, au ikikwama kwenye foleni. Nikasisitiza: barabara ikiwa wazi, mwendo wa 80, mshale wa joto unakaa katikati wala hautikisiki.

Fundi mzoefu anasimama hapo hapo. Gari linalochemsha likienda taratibu na kupoa likikimbia, mara nyingi linakosa upepo. Likikimbia, hewa ya barabarani inaipoza yenyewe rejeta, lile sanduku la mbele la kupozea maji ya injini. Likienda taratibu, kazi yote inabaki kwa feni. Ingekuwa rejeta imeziba kwa kutu, shida ingejitokeza hata kwenye mwendo mkali, injini ikifanya kazi nzito. Maelezo niliyatoa yote. Mwenye gereji alikuwa anachezea simu.

"Bosi, hiyo gasketi ya hedi. Tushushe hedi, au uza chuma chakavu ununue gari." Hedi ni kile kichwa cha juu cha injini, na gasketi ndiyo inayoziba kati yake na bloku; kuishusha ni kazi kubwa. Na boneti hajafungua.

Nikamuuliza kistaarabu: fundi, maji hayapungui, rejeta haitoi mapovu, oili haijawa nyeupe, gasketi imeungua wapi? Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Wewe ni fundi? Kama ni fundi umefuata nini hapa?" Watu wakacheka. Nikameza mate, nikaacha gari kwa ajili ya springi, na hedi nikamwambia asiiguse.

Hedi hakuigusa. Siku ya kuchukua gari nikakuta kwenye risiti mstari umeandikwa "kupoza injini". Ni nini hiki? "Nimekusaidia, nimeitoa thamostati. Hicho kidude ni cha nchi za baridi." Iko wapi? Imetupwa.

Mnaoamini habari hii ya nchi za baridi, naomba tuelewane. Ndani ya thamostati kuna nta. Injini ikiwa baridi valvu imefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Ikifika joto lake, kwa nyingi ni kati ya nyuzi 76 na 90, nta inavimba, inasukuma valvu, maji yanaenda kwenye rejeta. Injini ya dizeli inautaka huo moto popote ilipo. Ikibaki baridi inakula mafuta, inatoa moshi mweupe asubuhi, na oili inachafuka kabla ya wakati. Kuipima si kazi ya siri: itie kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha, uiangalie kama inafunguka. Ikifunguka ni nzima. Yangu haikupelekwa hata kwenye sufuria.

Halafu kuna linaloniuma zaidi. Kwenye injini nyingi za aina hii, thamostati ikifunguka kwa mbele, sehemu yake ya nyuma inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Sasa hesabu mwenyewe. Tambarare mshale ukagoma kupanda, ukalala chini kama injini imezimwa. Nilipofika mlimani na mzigo ukapanda mpaka kwenye nyekundu, haraka kuliko zamani.

Nikarudi. "Nilikwambia gasketi," akasema, na hapo hapo akaanza kuniuzia turbo. Turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini na moto wake! Kwenye gari linalochemsha!

Aliyeniokoa ni kijana wake wa spana. Injini ikiwa ya moto nikaizima, akasubiri kila kitu kisimame, akaipiga feni kwa kidole. Ikazunguka yenyewe mara kadhaa bila kukaza. "Mzee, klachi ya feni imekufa, ona oili yake ilivyovuja hapa katikati." Ile klachi ndiyo inayoiunganisha feni na injini; ina oili ya silikoni, na ikiwa ya moto inatakiwa ikaze, feni igome kidogo mkononi. Aliongea kwa sauti ya chini, anamwangalia mkuu wake kwa pembeni.

Nilinunua klachi, thamostati mpya na gasketi yake, tukafunga naye siku ya mapumziko. Kale kapini kadogo ka kutolea hewa alikaweka juu, kama inavyotakiwa. Mfuniko wa rejeta nao akaukataa, mpira wake ulikuwa umekufa; mfuniko wa presha ya bar 0.9 ukishika, maji yanasogea mpaka karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka, na usiposhika unapoteza akiba hiyo yote. Mlima ule ule, mzigo ule ule, mshale katikati.

Kumbe springi nazo alizifunga yeye. Alipiga majani brashi ya waya, akabadilisha senta boliti inayoshika majani pamoja na yuboliti zote zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa kuwa za zamani zilishavutika, akakaza gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, akaniambia nirudi kukazia baada ya kubeba mzigo siku chache. Kazi safi mno.

Kwa hiyo nilitaka kusema msiende. Sasa nasema nendeni, mkamtafute kijana. Ila nikikumbuka kile kicheko mbele za watu, hapana, msiende, mtafuteni siku zake za mapumziko. Pesa ya ule mstari wa "kupoza injini" sijarudishiwa, na nikipita pale naidai kwa sauti, wateja wasikie.