Kitabu cha Jenerali Grant nilichokiokota Majengo: kitamu, ila hesabu kurasa

Wapenzi wa vitabu vya mtumba hapa Dodoma, Jumamosi nilipita kwa mzee mmoja anayetandaza turubai karibu na soko la Majengo, nikaondoka na kitabu kinene cha maisha ya Ulysses Grant, yule jenerali wa Marekani aliyewashinda waasi wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mzee alianzia elfu kumi na tano, nikampa shikamoo yake, nikamlilia hali weee, akasema "haya mwanangu toa elfu nane, ila kikitoka hapa hakirudi". Nikacheka tu.

Kizungu chake hakisumbui na stori inanoga. Huyu jamaa hata jina alikosewa, kazaliwa Hiram Ulysses huko Ohio 1822, mbunge aliyempendekeza aende chuo cha jeshi West Point akaandika Ulysses S., hiyo S haina maana yoyote na ikamganda mpaka kaburini (sie wenye majina yaliyokosewa kwenye vyeti tunamwelewa). 1854 akaacha jeshi, akalima karibu na St. Louis, kilimo kikamgomea, akawa anapeleka kuni mjini kuuza, Desemba 1857 saa yake ya dhahabu akaiweka rehani kwa dola 22. Hapo nilifunga kitabu nikawa naangalia vumbi tu, maana kama ushawahi kulima alizeti mvua ikakata Februari hizo dola 22 huhitaji kuelezewa. Halafu miaka saba haijatimia, Machi 1864, Rais Lincoln anamkabidhi majeshi yote ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini!

Sasa kasoro. Niko Vicksburg, mji wa waasi, Grant kauzingira siku 47, ndani chakula kimewaishia, nageuza nione wanasalimu amri vipi, nakuta kutoka ukurasa 240 naruka 257, kurasa kumi na sita zimeng'olewa, imebaki gundi inaning'inia. Ikabidi nimalizie kwenye simu, kumbe walijisalimisha 4 Julai 1863. Jumatatu nikarudi, mzee hana hata wasiwasi, "si nilikwambia hakirudi?", akanipoza na jiografia ya kidato cha pili. Naifanyia nini mimi?

Bahati nzuri Appomattox, pale jenerali wa waasi Lee alipojisalimisha kwa Grant, ipo nzima, 9 Aprili 1865, Lee kaja kajipiga pasi na upanga kiunoni, Grant buti zina matope na koti kama la askari wa kawaida, lakini ndiye mshindi, na akawaruhusu wale waasi warudi na farasi wao wakalimie. Mkulima aliyefeli huyo, alijua msimu haumsubiri mtu. Sehemu ya urais 1869 mpaka 1877 inachosha, niliruka ruka.

Kitabu nakipa nyota nne, kijiwe mbili. Mzee anasema Jumamosi analeta mzigo mpya, nitaenda, ila safari hii nahesabu kurasa kwanza ndo natoa hela.