Hearst Tower na Port House: kubakiza ganda au jengo zima?

New York, jengo la Hearst, kampuni ya magazeti na majarida, la ghorofa 6 lilikamilika 1928 likikusudiwa tangu mwanzo kubeba mnara, lakini mdororo wa uchumi ukakwamisha mpango. Msanifu majengo Norman Foster ndiye aliyeusimamisha mnara huo, ukakamilika 2006: ghorofa 46, fremu ya chuma iliyoundwa kwa pembetatu. Ila ndani palikombwa. Zimebaki kuta za nje. Ukiingia unapanda ngazi za umeme zinazokatisha maporomoko ya maji katika ukumbi mmoja mkubwa. Panapendeza, sibishi, lakini ofisi za zamani ndiyo basi tena.

Antwerp, Ubelgiji, palikuwa na kituo cha zimamoto, ambacho sasa ni Port House, makao ya mamlaka ya bandari. Pande zake zote nne zilistahili kuonekana, kwa hiyo ofisi ya msanifu majengo Zaha Hadid haikubandika kitu ubavuni. Jengo la vioo likawekwa juu, kwenye miguu minene ya zege. Ua ukaezekwa kwa kioo, na ukumbi wa magari ya zimamoto ukawa maktaba. Lilifunguliwa 2016. Wapo wanaoona meli iliyokwama paani, na siwalaumu. Hata hivyo, mimi nachagua Antwerp: jengo kongwe bado linafanya kazi.